Nafasi Iliyotengewa Kaunti Yetu

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na nafasi ya kusomea ubingwa wa udaktari katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na kwa muda huo wote sikuruhusiwa kuingia darasani hata siku moja. Kwenye barua ya chuo nafasi ilikuwa yangu. Kortini haikuwa yangu wala ya mtu mwingine. Ilikuwa imefungwa kwa amri ya jaji mpaka kesi isikizwe na kuamuliwa. Watu wa hapa Birmingham wakiniuliza, "Daktari, si ulikuwa unarudi nyumbani?" nilikuwa nawajibu kwamba kuna karatasi fulani bado nazingojea, kwa sababu kueleza ukweli kulinichosha kuliko zamu ya siku nzima.

Basi nieleze sasa, mara moja, nimalize.

Hospitali ninayofanyia kazi iko mwendo mfupi kutoka nyumba tunayopanga mtaa wa Bordesley Green. Cheo changu hapo ni kirefu kukitamka lakini maana yake ni fupi: najaza mapengo. Wako madaktari walio kwenye ngazi ya mafunzo, wanaojua kwamba wakivumilia watatoka wakiwa mabingwa, na tuko sisi tunaopigiwa simu mmoja wao anapougua, anapoenda semina au anapojifungua. Kazi ni ile ile. Mgonjwa haoni tofauti yoyote, na hana sababu ya kuiona. Mwaka ukiisha wao wamepanda, sisi tumezeeka.

Nilitaka kuwa daktari bingwa wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji na, jambo ambalo watu husahau, anayemwamsha. Niliomba mafunzo hayo hapa mara kadhaa. Mwanzoni nilikosa kwa alama, nikasema sawa. Kisha serikali ya Uingereza ikaamua kwamba waliosomea udaktari humu nchini wafikiriwe kwanza, na sisi tuliotoka nje tungoje kitakachobaki. Wenzangu walikasirika, wakatia saini malalamiko mtandaoni, wakanitumia na mimi nitie. Sikutia. Nchi ina haki ya kulisha watoto wake kwanza, hilo silipingi. Ila nilichoka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikipakua.

Aliyenionyesha tangazo la Nairobi ni muuguzi ninayeishi naye. Ni Mkenya kama mimi, amenipita kwa umri na kwa sauti, na kwa desturi ya hospitali za kwetu namwita Sister, hata tukiwa jikoni tunamenya vitunguu. Siku hiyo alinisukumia simu yake usoni.

"Hebu ona hii. Si hii ni kaunti yenu? Wame-reserve slots za postgraduate, na moja ni ya anaesthesia. Wewe unangoja nini, malaika ashuke?"

Chuo kilikuwa kimetenga nafasi chache za ubingwa kwa ajili ya kaunti zisizo na madaktari bingwa. Kaunti yetu ilikuwamo, na ilistahili. Iko kaskazini, ni kubwa, ni kame, na tangu nipate akili haijawahi kuwa na bingwa wa usingizi. Masharti ya nafasi yalikuwa mawili: uwe mzaliwa wa kaunti hiyo, na utie saini kwamba ukihitimu utarudi kuihudumia. Nilizaliwa huko, kitambulisho changu kinasema hivyo. Na kurudi ndiko nilikokuwa nikikutafuta tangu siku nilipotua hapa na koti lisilofaa.

Nilihojiwa kwa video nikiwa chumbani kwa Sister, kwa sababu chumba chake ndicho chenye joto la kuaminika. Barua ya kukubaliwa ilipofika nililia nikiwa nimesimama kando ya mashine ya kufulia. Sister alinishika mabega akaniambia nisilie peke yangu, ni lazima tutoe shukrani.

Hapa niwaeleze wasiotujua jinsi sisi Wakenya wa kanisani tulivyo. Habari njema kwetu si habari mpaka isimamiwe mbele ya watu. Ukipata kazi, unasimama. Ukipata viza, unasimama, na ukoo wako wote ulio ukumbini unakuja mbele kukuzunguka, na kama huna ukoo unaazimiwa. Halafu kuna pilau na chapati, na mtu anakuuliza kama umenenepa. Anayeficha baraka zake anasemwa. Isitoshe, ibada zetu hurushwa moja kwa moja mtandaoni, ili mama zetu nyumbani watuone tukiwa wazima na tumevaa vizuri.

Basi Jumapili moja nikasimama, katika ukumbi tunaokodi kule Longbridge, nyuma ya maduka yaliyojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari. Nilivaa kitenge ambacho Sister alikishona mwenyewe. Mchungaji wetu, ambaye siku za kazi huendesha gari la kusambaza vifurushi, ni mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Aliniwekea mkono kichwani, akaomba, kisha akaanza kuchangamsha watu.

"Kanisa, mnamjua huyu? Huyu ni binti wa Birmingham! Nairobi wasijidanganye, tumewakopesha tu! Anaenda kuchukua hiyo masters yao, halafu anarudi hapa hapa kwetu, aendelee kutuhudumia. Si ni kweli, daktari?"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mimi, kipaza sauti kikiwa mdomoni, nikasema, "Amina."

Nani husema hapana akiwa madhabahuni? Kwetu mchungaji akikuuliza jambo mbele ya watu, jibu ni moja tu, na hukulichagua wewe. Angesema naenda mwezini ningeitikia vile vile. Mama aliitazama video hiyo akiwa nyumbani, akaituma kwa shangazi, shangazi akaituma kwa kikundi chake cha mtandaoni, na kikundi kile kina wauguzi wa hospitali ya kaunti. Hivyo ndivyo ilivyomfikia daktari ambaye alikuwa ameomba nafasi ile ile akanyimwa.

Alikwenda kortini kabla sijamaliza kufungasha.

Sikuwa namjua. Niliambiwa ni mtu wa upande wa milimani, kule kwenye mvua na chai, aliyepangiwa kazi katika hospitali ya kaunti yetu akiwa kijana na akakaa. Madaktari wengi wanaopangiwa kwetu huanza kuomba uhamisho kabla hawajapata kitanda. Huyu hakuomba. Alipotuma maombi ya nafasi ya usingizi, chuo kilimjibu kwamba hakuzaliwa katika kaunti hiyo, kwa hiyo hafai. Malalamiko yake kwa jaji yalikuwa mafupi: nafasi hii ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kaunti, haikutengwa kwa ajili ya watoto wa kaunti, na chuo kimemfungia mlango anayewahudumia wagonjwa hao kikamfungulia aliyewaacha. Mimi niliingizwa kwenye kesi kama mtu mwenye maslahi. Wakili niliyetafutiwa, mwanamke mpole wa Nairobi ambaye hakuwahi hata siku moja kunipa matumaini, aliniambia jaji ametoa amri ya muda: nafasi isijazwe na mtu yeyote.

"Ni amri ya kawaida, daktari," alisema. "Ni ya muda tu."

Muda. Nimejifunza kuogopa neno hilo.

Nilimchukia mtu yule vizuri sana. Nilikuwa nikipanga dawa za wagonjwa huku kichwani nikimjibu. Nilimwambia: wewe ulisoma shule yenye maabara. Mimi nilifundishwa hesabu, fizikia na dini na mwalimu mmoja, na muhula mwingine naye hakuja. Wewe ukikosa nafasi hii unaweza kushindania nyingine yoyote, na utaipata, kwa sababu maisha yako yote umefundishwa jinsi ya kuzipata. Hii moja iliwekwa kando ili kwa mara ya kwanza tusishindane na watu kama wewe, na hata hii umeifuata. Maneno hayo wakili wangu aliyaweka kwenye hati yangu ya kiapo kwa lugha ya adabu, na bado nayaamini.

Kisha nikasoma hati yake. Niliisoma kwenye simu, nimekaa ndani ya basi lililokwama Barabara ya Stratford, katikati ya maduka ya nguo na ya nyama, mama mmoja kando yangu amepakata mfuko wa bamia. Nilikuwa natafuta uongo. Alieleza kwamba amejifunza lugha yetu kiasi cha kumuuliza mama mjamzito maswali bila mkalimani. Alieleza kwamba tabibu wa usingizi aliyeko, ambaye si bingwa, ni mmoja, na akiwa mbali, yeye daktari humlaza mgonjwa mwenyewe, humkabidhi muuguzi amwangalie anavyopumua, kisha hunawa na kushika kisu. Hilo halifai kufanywa na mtu mmoja. Mimi na kila daktari tunajua halifai. Aliandika kwamba analifanya kwa kuwa njia nyingine ni kumwacha mama afe mlangoni. Sikuona uongo wowote. Nilishuka basi kabla ya kituo changu nikatembea, na hasira ilikuwa imebaki kwa sababu ya ukaidi tu.

Mwishoni mwa hati yake aliambatisha video ya Longbridge.

Kesi za huko siku hizi husikizwa pia kwa njia ya video, na hilo watu wanalisifu. Mimi silisifu sana. Zamani ulikuwa unakaa mbali ukaambiwa matokeo. Sasa unakaa mbali na unaona kila kitu. Korti ikianza saa tatu Nairobi, huku Birmingham bado ni alfajiri, tunatafuta soksi. Nilijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, kamera nimeizima, nikasikiliza majina ya kesi za watu wengine mpaka yetu itajwe. Ilikuwa ikitajwa, ikiahirishwa. Siku moja faili haikuonekana. Siku nyingine wakili wa chuo aliomba muda ajibu, akapewa. Jaji akaenda likizo, akarudi, akahamishwa, akaja mwingine aliyetaka kusoma kila kitu upya. Nikitoka pale naingia wadini na kusema habari za asubuhi kwa uchangamfu, kwa sababu mgonjwa hana kosa.

Siku video ilipochezwa kortini niliikodolea macho kana kwamba sijawahi kuiona. Kitenge cha Sister kilipendeza. Vigelegele vilisikika vizuri sana. Mchungaji akauliza swali lake, nami nikaitikia, na jaji akasimamisha mashine.

"Huyo aliyesema amina ndiye mhusika?"

"Ndiye, Mheshimiwa," wakili wangu akajibu.

"Asante. Tuendelee."

Hakuna aliyecheka. Laiti mtu mmoja angecheka.

Wakili alinipigia baadaye akasema tunahitaji hati ya kiapo kutoka kwa mchungaji, aeleze kwamba yale yalikuwa maneno ya kuchangamsha ibada na kwamba anajua nia yangu ni kurudi kuhudumu kwetu. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake jioni moja, bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari inayong'aa. Mkewe alitutengenezea chai. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, niape? Niape mbele ya wakili kwamba nilichosema madhabahuni hakikuwa kweli?"

"Si kwamba hakikuwa kweli, Pasta. Kwamba ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi. Lakini pia nilitaka urudi." Alijikuna shingo. "Mimi nilikuwa namaanisha, unajua. Kila mtu mzuri tunayempata hapa anaondoka. Nilisema ili Mungu asikie."

Mkewe akamwambia kwa Kikikuyu neno ambalo sikulielewa, naye akakishika tena kikombe chake. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi. Juma lile lile alikwenda kwa mthibitishaji mmoja wa viapo mjini akaapa. Aliandika kwamba alisema kwa upendo wala si kwa maana ya sheria, na kwamba hajui moyo wa mtu mwingine ila Mungu ndiye ajuaye. Wakili wangu alisema hati hiyo haitatusaidia sana. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo mchungaji hakuchangamsha mtu yeyote. Waliosimama kutoa shukrani waliombewa wakarudishwa kwenye viti vyao, na ibada zikawa zinaisha mapema.

Wakati huo wote Sister ndiye aliyekuwa akinisukuma. Akitoka zamu alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba changu na viatu mkononi.

"Imefika wapi? Ama wame-adjourn tena?"

"Wame-adjourn."

"Haki hao watu. Kula basi. Kuna githeri kwa sufuria."

Githeri ile ya mahindi na maharagwe, nasema bila aibu, ndiyo iliyonivusha. Nilikuwa nimekonda. Nilikuwa nimeacha kufungua barua za kutangaza nafasi za kazi, kwa sababu ningewezaje kuomba kazi ya kudumu hapa huku nimeapa Nairobi kwamba sitakaa hapa? Kila nilipofanya jambo la kawaida la kuishi, kama kununua kabati, nilifikiria litaonekanaje kwenye hati ya kiapo. Nikaacha kununua. Nguo zangu zilikaa kwenye sanduku la safari muda wote wa kesi.

Hukumu ilisomwa asubuhi ya mvua. Jaji alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alisema hoja za mlalamishi zina uzito. Alisema hoja zangu nazo zina uzito, kwa kuwa Katiba inawatambua watu wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Alikilaumu chuo kwa kuweka masharti bila kueleza yanamlinda nani. Kisha akasema kwamba hata hivyo mwaka wa masomo ambao nafasi hiyo ilitangaziwa umekwisha pita, na korti haiwezi kumpa mtu yeyote nafasi isiyokuwepo. Chuo kitangaze upya kikiwa na masharti bora. Kila upande ubebe gharama zake.

Ndiyo hivyo. Hakuna aliyeshinda. Wakili wangu alisema kwa upole kwamba tunaweza kukata rufaa, nikamwambia asante, hapana. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa uchungu, nilitaka tu kulala. Uchungu ulikuja baadaye, nilipokuwa napima presha ya mzee mmoja wa Kipunjabi, akaniuliza kwa wema kama nimefiwa. Nilimwambia ndiyo, ili nisieleze.

Chuo hakikutangaza upya. Kilisema kimesitisha mpango mzima wa nafasi za kaunti mpaka kitakapopata ushauri wa kisheria. Basi ile nafasi moja tuliyoipigania ikafa, ikafa pamoja na zile za kaunti nyingine ambazo hazikuwa na kesi na mtu.

Muda si mrefu nikapata ujumbe kutoka namba ya Kenya nisiyoijua.

"Habari ya asubuhi daktari. Samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye uliyekuwa na kesi naye kortini. Nimepata kazi hospitali moja hapo Birmingham, nadhani ni kama yako. Kwenye ile video niliona mna watu wetu huko. Naomba tu kuelekezwa mahali pa kupanga chumba."

Nilimwonyesha Sister. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Aki huyu mtu ana nguvu! Akushtaki, halafu akuulize room?" Alizunguka jikoni akifungua makabati na kuyafunga. Halafu akatulia. "Lakini atafikia wapi kwa hii baridi? Mwambie akuje. Hatutamla."

Nilikwenda kumpokea kituo cha mabasi ya masafa kule Digbeth. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, mazuri kweli, ya kumwambia tukiwa njiani. Akashuka mtu mwembamba mwenye mvi za mapema, amevaa koti jepesi kabisa, akanipa mkono kwa mikono miwili jinsi watu wanavyosalimu wazee, ilhali tumelingana umri. Akasema, "Pole kwa safari," mimi niliyesafiri dakika chache tu kwa basi. Maneno yangu makali yote yakanitoka kichwani.

Alikuwa hajala tangu jana yake. Nilimpeleka Sparkhill, kwenye mkahawa mmoja wa nyama ya mbuzi ambao huwa wazi mchana kutwa. Kwa muda tulizungumza habari za nyumbani, na ilinishangaza kwamba habari za nyumbani kwangu alizijua yeye. Alijua bomba la maji la mtaa wetu limeharibika. Alijua mama yangu anaumwa na goti, na amekataa fimbo. Nilikuwa nasikiliza habari za mama yangu kutoka kwa mtu aliyenishtaki, na nilizisikiliza kwa njaa.

Nikamuuliza kwa nini hakubaki, akangoja tangazo jipya.

"Nilichoka, daktari," alisema. "Kama ni hasira ningebaki, hasira inasukuma. Nilichoka. Niliketi siku moja nikajiona nitakuwa pale na nywele nyeupe, namlaza mgonjwa kwa mkono huu, nampasua kwa mkono huu. Na siku moja mmoja wao hataamka."

Ilikuwa kana kwamba ananisomea mawazo yangu.

"Waliagana nawe vizuri?"

Alikata mkate akauchovya kwenye mchuzi, akauacha pale pale.

"Sikuaga. Barua ya kuacha kazi niliipeleka makao makuu. Wenzangu wadini wanajua niko likizo. Ningewaaga, ningebaki."

Simu yake ililia tukiwa tumekwisha agiza chai. Alipoona jina alinyooka kitini. Ilitoka chumba cha upasuaji cha hospitali ya kwetu. Kelele za mkahawa zilikuwa nyingi, akaiweka simu mezani kati yetu na kuongeza sauti. Muuguzi aliyekuwa akipiga hakusalimu kwa kirefu. Mama amejifungua, kondo la nyuma limekataa kutoka, damu inamwagika, presha inashuka. Daktari mdogo yuko, anaweza kulitoa, lakini tabibu wa usingizi amekwenda msibani na daktari mdogo hajawahi kumlaza mtu peke yake.

Tulianza pamoja bila kupeana zamu. Yeye aliuliza kama wamemwekea maji kwenye mishipa miwili. Mimi niliuliza kama damu imeitishwa. Yeye alisema wasiache kumkanda tumbo. Mimi niliinama mpaka nywele zangu zikaingia kwenye mchuzi, nikasema wasimchome sindano ya ganzi ya mgongo presha ikiwa chini kiasi hicho, watamuua, na wamwambie daktari mdogo asijaribu. Muuguzi alikuwa akirudia kila neno kwa watu walio nyuma yake. Kisha akasita.

"Daktari, huyo mwingine ni nani?"

Aliyenishtaki alinitazama.

"Ni daktari mwenzangu wa usingizi," alisema, akanipa cheo ambacho sote wawili tulikikosa. "Ni mtoto wa huko kwenu."

"Aki Mungu ni mwema!" Sauti ya yule muuguzi ilipanda kwa furaha, akamwita mtu, akamwambia wako wawili, wako wawili na mmoja ni wa usingizi. "Daktari, najua uko likizo, unisamehe. Ambulensi iko hapa nje. Natuma iwachukue sasa hivi. Mko upande gani?"

Yeye alisukuma sahani yake kando. Mhudumu alikuja na chai akaiweka kando ya simu, akatutakia mlo mwema.

"Daktari? Mko upande gani?"

Nikaichukua simu mkononi. Nikamwambia tuko Uingereza, sote wawili, na kwamba kwenye ambulensi ampakie mgonjwa, amkimbize hospitali nyingine.